Nyumba ya kale Mikindani wanataka kodi ya mwaka mzima: nichukue au nikapange mjini?

MwalimuMakambako – Jumanne, saa 2:14 usiku

Wakuu habari za humu. Naomba mawazo yenu kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi ndiyo nimeambiwa niende na hela.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, nimehamia Mtwara kutoka Makambako mwezi uliopita. Niko na binti yangu wa miaka minane na msichana wa kazi. Kwa sasa tumejibanza kwa mwalimu mwenzangu pale Chuno, watu watatu chumba kimoja. Mwenyeji wetu ni mtu mwema, lakini siku hizi kila akinikuta nakunywa chai ananiuliza, "Kwa hiyo umepata?" Nimeshaelewa.

Kituo changu cha kazi kiko upande wa Mikindani, kwa hiyo dalali akanipeleka huko huko. Akanionyesha vyumba viwili vya kawaida vya tofali na bati, sikuvipenda. Tunarudi kusubiri daladala ndipo nikaona nyumba moja ya ghorofa, ya kale kabisa, ina mlango wa kuchonga wenye maua katikati na minyororo pembeni, baraza ya mawe mbele, na juu roshani ya mbao inayotazama ghuba. Nikauliza kwa utani tu, "Na hii je?" Dalali akasema hii nayo inapangishwa. Jamani.

Nafundisha Historia. Kila mwaka nawaambia watoto kwamba Livingstone alianzia safari yake ya mwisho ya bara hapo Mikindani mwaka 1866, na sijawahi kuwaza kwamba naweza kulala mtaa huo huo. Nikaweka mkono dirishani, ukuta ukaumeza hadi kwenye kiwiko na bado haujaisha. Nje jua la saa saba mchana linachoma kisogo, ndani kuna ubaridi wa mtungi. Kwa mtu wa Makambako ambaye tangu afike Mtwara halali usiku kwa joto, hapo tu ningetoa hela.

Juzi nikarudi na binti yangu tu, bila dalali wa kunipigia debe, nikaangalia vizuri. Vyumba vya juu ni vitatu, virefu lakini vyembamba, kitanda changu cha tano kwa sita kikiingia itabidi nipande kitandani ndipo nifunge mlango. Ukuta wa chini umepigwa lipu ya saruji, na saruji yenyewe imevimba, ukiigonga inalia kama ngoma. Kuanzia sakafuni hadi usawa wa kifua kuna unyevu na ungaunga mweupe. Binti yangu aliulamba kabla sijamzuia, akasema ni chumvi. Darini kuna boriti moja imepinda. Choo na bafu viko uani chini ya mkungu, pamoja na kisima ambacho maji yake ni ya kufulia tu. Stoo mbili za chini zimefungwa kwa kufuli, nikaambiwa hizo hazinihusu.

Kodi ni 80,000 kwa mwezi, na mzee anayeonyesha anataka mwaka mzima, yaani 960,000 mkononi. Dalali naye kodi ya mwezi mmoja. Mjini nimepata chumba, sebule na choo cha ndani, tailizi mpaka jikoni, 120,000 kwa mwezi, miezi sita. Lakini huko nitalipa nauli kila siku ya Mungu, na bati lile mchana ni tanuri.

Mambo mawili yananikwaza. La kwanza, nilipomuuliza mzee nyumba ni ya nani alijibu, "Ya kwetu." Nikauliza kwenu nani? Akacheka, akasema, "Ya kwetu tu, mwalimu." La pili, alisema mwakani huenda wakaweka mlango wa chuma kwa usalama, kwa sababu huu wa kuchonga kuna mtu wa Dar ameutaka.

Mngekuwa nyie mngefanyaje?

---

KoroshoDarajaLaKwanza – Jumanne, saa 2:31 usiku

Mwalimu, "ya kwetu" maana yake wako tisa, na wewe umeonana na mmoja.

---

MnyampaaWaKusini – Jumanne, saa 3:50 usiku

Dada, kaa vizuri nikusimulie, maana mimi niliishi Mikindani miaka mitano na kosa unalotaka kulifanya Jumamosi nililifanya mwaka 2016.

Nilikuja kutoka Singida kufanya kazi ya uhasibu kwenye chama cha msingi cha ushirika. Nikapata nyumba ya matumbawe, ya chini, haina ghorofa, ina uani mkubwa na mpapai mmoja. Mzee mmoja mstaarabu sana, kanzu imenyooka, akaniambia yeye ndiye msimamizi. Nikalipa miezi sita. Risiti akaniandikia kwenye karatasi ya daftari, sahihi yake na tarehe, basi, nikajiona mjanja.

Mwezi wa pili, nimetoka kazini jioni, nakuta mama mmoja wa makamo amekaa barazani kwangu na mabegi mawili na ndoo ya dagaa. Ameshuka basi la Dar asubuhi ile. Akanisalimia vizuri, akaniuliza habari za Singida kama ananifahamu, kisha akasema amekuja kukaa chumbani kwake. Chumbani kwake! Ni fungu la mama yake, akasema, na kaka yake anajua. Yule mzee nikamfuata, akainamisha kichwa, akasema, "Ni kweli, njomba, lakini hatukai naye siku nyingi."

Alikaa wiki saba. Nisiseme uongo, zilikuwa wiki saba nilizokula vizuri kuliko zote kule, alikuwa anapika pweza wa nazi mpaka majirani wanapiga hodi bila sababu. Alinifundisha na kuchemsha ming'oko, vile viazi vya porini. Lakini chumba nilikuwa nimekilipia mimi.

Alipoondoka akaja mjomba wao. Na hapa sikiliza, maana sisi wa bara hili hatulijui. Kusini huku, Wamakonde, Wamakua, Wayao, Wamwera, ukoo unafuata upande wa mama, na mjomba ana kauli ambayo baba mwenyewe hana. Papo hapo wengi ni Waislamu, na mirathi ya Kiislamu ina hesabu yake nyingine. Sasa nyumba moja inaweza kuwa na watu wenye haki kwa njia hii na wengine kwa njia ile, wote wakweli. Yule mjomba hakuwa tapeli. Alitaka kujua tu kwa nini kodi inaingia kwenye mfuko mmoja. Na mimi ndiye niliyekuwa mbele yake, basi nikaulizwa mimi.

Kilichoniokoa ni mwenyekiti wa mtaa. Akawaita, wakaja watano, tukakaa barazani kuanzia baada ya alasiri mpaka adhana ya magharibi. Wakagombana kwa Kimakonde, wakapatana kwa Kiswahili. Tukaandika upya. Watatu wakasaini kwa niaba ya wengine, mwenyekiti akagonga mhuri, na tukakubaliana kila ninachokarabati nakata kwenye kodi, risiti za duka nabandika kwenye daftari moja. Miaka minne iliyobaki sikusumbuliwa tena. Ndugu wakifika walikuwa wanafika kunisalimia.

Kwa hiyo usiulize nyumba ni ya nani, watakujibu ya kwetu mpaka kiama. Uliza, "Nani akija kesho akakuta nimepanga atakasirika?" Mzee atakutajia majina. Hao ndio unaowatafuta. Na hizo stoo mbili za kufuli zina mwenyewe, hakikisha naye amo kwenye kikao, la sivyo ipo siku utaamka ukute ngazi imezibwa na magunia ya korosho.

Mwaka mzima usilipe. Umefika Novemba, minada ya korosho inaendelea, watu wana hela, ndiyo maana anakaza shingo. Ungekuja Juni au Julai, wakati mtu anahangaikia salfa ya kupulizia mikorosho, angekupa kwa miezi mitatu na kukuletea nazi juu. Komaa na miezi sita.

Halafu baraza. Hilo hakuna atakayekuambia. Hapo mbele kuna wazee wanaokaa tangu hujazaliwa. Umepanga nyumba, wao hujawapanga wala hutawaondoa. Mimi wiki ya kwanza nilifungua mlango asubuhi nikawauliza, "Niwasaidie nini?" Walinicheka mpaka leo nikipita. Wasalimie, Ramadhani wapelekee uji, na hutahitaji mlango wa chuma. Mwizi gani atapita mbele ya wazee wanne?

---

FundiChokaa – Jumatano, saa 12:40 asubuhi

Mnyampaa ameongea ya watu, mimi niongee ya ukuta. Nimejenga na kukarabati hizi nyumba Lindi na Mikindani, najua zinavyougua.

Mwalimu, hiyo chumvi aliyolamba mtoto inatoka ardhini na kwenye hewa ya bahari, inapanda ukutani pamoja na maji. Zamani ukuta ulijengwa kwa matumbawe, chokaa na udongo, na lipu yake ilikuwa ya chokaa. Chokaa inapitisha maji, yanatoka nje yanakauka, chumvi inadondoka kama unga, unafagia maisha yanaendelea. Akaja mtu akaona lipu inamomonyoka, akaipiga saruji ili amalize kazi. Saruji haipitishi kitu. Maji yakazibiwa njia ya chini, yakapanda juu kutafuta pa kutokea. Ndiyo maana unyevu umefika kifuani. Usikubali mtu aje apige saruji juu ya saruji, hata akikuambia bure.

Dawa ni kubandua saruji yote, ukuta ukae uchi miezi kadhaa ukauke, kisha lipu ya chokaa. Chokaa yenyewe inalowekwa, si ya kufungua mfuko na kupaka siku hiyo hiyo. Mchanga usiwe wa baharini, utakuwa unarudishia chumvi uliyoitoa. Na lipu inanyunyiziwa maji siku kadhaa, haikaushwi haraka. Waliokarabati lile Boma la Mjerumani la 1895, ambalo sasa ni hoteli, walirudi kwenye chokaa. Nenda ukaguse kuta zake, halafu rudi uguse zako.

Vyumba vyembamba usivishangae. Boriti ni za mikoko, na mkoko una kimo chake. Upana wa chumba ndio urefu wa boriti. Ya kwako iliyopinda isikutishe kwanza, mkoko ukibeba mzigo miaka mingi hupinda na unaendelea kubeba. Ugonjwa uko kwenye ncha iliyoingia ukutani, hasa kama juu yake paa linavuja. Chukua bisibisi, choma ile ncha. Ikigoma, lala usingizi. Ikizama kama kwenye muhogo wa kuchemsha, usilale chumba hicho hata siku moja. Mvua zinaanza sasa, kwa hiyo panda hadi juu uangalie bati kabla ya kutoa hela. Nyumba hizi zinaweza kukaa karne, lakini maji yakishaingia kwa juu zinaondoka ghafla. Hata Beit al-Ajaib ya Unguja, jumba la sultani, upande mmoja uliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 ukiwa kwenye matengenezo na watu wawili wakafa.

Kuhusu mlango. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 imeitaja milango ya kuchonga iliyotengenezwa kabla ya 1940, na majengo ya kabla ya 1863. Hivyo si vitu vya kuuza kama kabati. Huyo mtu wa Dar anajua, ndiyo maana anakuja kwa wazee na haji kwa afisa. Na kwa upande wangu kama fundi, mlango ule umeshikana na fremu na fremu imeshikana na ukuta. Ukiung'oa unang'oa na mawe.

---

MjukuuWaBiMkubwa – Jumatano, saa 7:05 mchana

Nimesoma nikacheka, kisha nikakasirika kidogo. Mimi ni mmoja wa hao "tisa".

Bibi yangu aliacha nyumba Mikindani. Tuko kweli tisa. Wawili Mikindani, mmoja Newala, mmoja Unguja, waliobaki tuko Mbagala kama nusu ya Mtwara yote. Tukipangisha kwa 80,000, kila mmoja anapata elfu nane na mia nane na ushee. Niambieni, nani atatoa nauli ya basi la Dar kwenda Mtwara kuja kuchukua elfu nane? Kwa hiyo hela inabaki kwa mjomba aliye pale, sisi tunanung'unika kwenye simu, na bati likitoboka kila mtu anasema siyo mimi niliyekula kodi. Nyumba inaoza hivyo hivyo, hakuna mbaya hata mmoja.

Na msidhani babu zetu walikuwa wajinga kuziacha. Mikindani ilikuwa bandari, majahazi yalikuwa yanajaa ghuba. Kisha Waingereza wakaja na mradi wao wa karanga mwaka 1947, wakataka bandari ya kina kirefu, ikajengwa Mtwara. Karanga zikashindwa, bandari ikabaki, maofisi na maduka yakahamia huko. Bibi alikuwa anasema walihama na dengu na mizani. Waliobaki na nyumba ni wanawake, na nyumba zikawa za wanawake na watoto wao. Ndiyo maana "ya kwetu", dada mwalimu. Mzee hakukuficha kitu. Hana neno lingine.

Na yule mama wa ndoo ya dagaa, kaka Mnyampaa, hakuja kukuonea. Alikuja kwao.

Ila ushauri wako wa kikao ni sahihi. Sisi tungefurahi sana mpangaji akituita. Hakuna aliyewahi. Wanamalizana na aliye karibu, halafu tunaonekana wakorofi. Siku hizi hata nauli haihitajiki, fungueni kundi la simu, mkataba ukaandikwa humo, kila mtu akaandika "nimekubali" kwa jina lake.

La mwisho, mwalimu, ulizia kodi ya jengo. Tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, na atakayenunua umeme ni wewe. Ni hela ndogo, ila iandikwe ni ya nani.

---

MnyampaaWaKusini – Jumatano, saa 7:40 mchana

Dada Mjukuu, shikamoo hata kama nimekuzidi umri. Umenipata. Yule mama nilimpeleka stendi mwenyewe na nilimbebea ndoo.

---

KoroshoDarajaLaKwanza – Jumatano, saa 7:52 mchana

Ndoo ilikuwa na nini wakati wa kurudi?

---

MnyampaaWaKusini – Jumatano, saa 7:55 mchana

Karanga za Singida. Tuendelee na mada.

---

MwalimuMakambako – Jumapili, saa 1:20 usiku

Asanteni nyote. Narudi na majibu, samahani kwa urefu.

Alhamisi nilimuuliza mzee lile swali la Mnyampaa, nani akija kesho atakasirika. Alinitazama kwa muda, akavua kofia, akaanza kuhesabu kwa vidole. Sita. Wa saba akasita, akasema, "Huyo hukasirika hata akipewa." Mwenye stoo ni dada yake wa mama mmoja, anaishi Kisungule, kwa hiyo Ijumaa jioni tukamfuata na bajaji. Ndani ya stoo kuna nyavu, kitanda cha samadari kilichovunjika mguu, na masanduku ya marehemu mume wake. Akanionyesha kimoja kimoja. Nadhani hakuna mtu aliyemwomba kuviona kwa miaka mingi.

Jana tukakaa barazani. Walikuja wanne, wawili wakasikiliza kwa simu iliyowekwa juu ya kigoda, mwenyekiti wa mtaa akawepo. Yule wa saba alipiga simu katikati, akafoka, akapewa nafasi ya kufoka, akatulia. Tumeandikiana miezi sita, 480,000. Katika hizo, kodi za miezi miwili ya mwanzo zinakwenda kwenye ukuta na bati, daftari nakaa nalo mimi, wao wana nakala kwenye simu. Dalali amepata mwezi wake, ingawa aliniambia nimemchelewesha.

Bisibisi ilizama, FundiChokaa. Si ile boriti iliyopinda, hiyo iligoma. Ni ya jirani yake iliyonyooka kabisa, ambayo nisingeiangalia. Chumba hicho tumekifunga hadi ibadilishwe, kwa hiyo kwa sasa mimi na binti tunalala chumba cha roshani na msichana wa kazi cha nyuma. Usiku wa jana nilisikia mawimbi na popo, na ngoma ya unyago mbali sana, mpaka saa tisa. Nililala hivyo hivyo, ila kwa mara ya kwanza tangu Makambako nilijifunika shuka.

Mlango haumo kwenye mkataba. Nilipoutaja pakawa kimya, mwenyekiti akasoma ile sehemu ya sheria niliyoichapa, mzee akasema hilo tuliache kwanza. Dada yake akasema kwa sauti ya chini, "Usipouza wewe hautauzwa," wala hakumtazama. Sijui maana yake ni nini kwa familia yao na sikuuliza.

Sasa nina swali dogo. Mlango huo unafungwa kwa komeo la mbao kwa ndani, lakini kwa nje una tundu la ufunguo mkubwa kama kijiko cha pilau, na ufunguo hakuna anayejua uliko tangu bibi yao afariki. Nikitoka kwenda kazini naweka kufuli la kawaida kwenye mnyororo, linaonekana vibaya. Kuna fundi yeyote Mtwara au Lindi anayetengeneza funguo za namna hiyo bila kuchezea mbao? Wazee wa barazani wanasema hakuna haja ya ufunguo, wao wapo. Leo asubuhi wameniuliza kama kwetu huwa tunapika kahawa.